Chumba cha Muziki chenye Kiti Kimoja

Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji, ingia ndani ya chumba chochote kitupu, funga mlango, upige kofi moja. Usipige mfululizo. Hapa Uvira ukipiga makofi mfululizo ndani ya nyumba iliyofungwa, majirani watadhani maombi yameanza na watakuja na viti vyao. Piga moja, halafu sikiliza kinachokurudia. Chumba kizuri kitalimeza kofi lako taratibu, kama mtu anayemeza ugali wa moto. Chumba kibaya kitalirusha ukuta kwa ukuta mpaka lilie kama bati.

Kofi hilo ndilo chombo changu cha kwanza cha kazi, na sijawahi kukisahau nyumbani.

Nilitengeneza vyumba vya sauti tangu nilipotoka chuo kikuu hadi sikio langu la kulia lilipoanza kuvuma lenyewe, bila kuombwa. Daktari akasema nipumzike. Nikastaafu nikiwa bado na nywele nyeusi kadhaa, ambazo nazijua moja moja. Nimejenga studio za redio, nimetuliza makanisa yaliyokuwa na kelele kuliko wahubiri wake, nimebishana na wenye baa. Lakini siku hizi nyinyi vijana mnaniletea swali moja tu. Mmepata kazi, mmenunua spika nzuri Bujumbura, na sasa mnataka chumba cha kusikilizia muziki na si kitu kingine, si cha kulala wala cha kulia. "Papa, nikijenge kwa vipimo gani?"

Nitawajibu, ila msikitegemee sana cheti changu. Niliandika kazi yangu ya kumaliza masomo juu ya sauti katika kumbi, na nikaitetea ndani ya ukumbi wenye mwangwi mbaya kiasi kwamba mwalimu aliyekaa nyuma aliinua mkono akauliza nitaanza kusema lini. Nilikuwa nimefika kwenye hitimisho.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kuta mbili zinazotazamana zina noti moja nzito ya muziki ambayo zinaipenda kuliko zote. Zikiwa mbali, noti huwa nzito zaidi, zikikaribiana, inapanda. Sakafu na dari nazo zina yao. Muziki ukiigusa noti hiyo, kuta zinaishangilia mpaka inanenepa. Sasa jenga chumba ambacho urefu, upana na kimo vyote ni sawa. Jozi zote tatu zitapenda noti ileile. Gitaa la besi likiifikia, chumba kizima kitapiga kelele. Likiiacha, chumba kitanyamaza kama hakijui tena kuna muziki. Kwa hiyo vipimo vitatu visilingane, na kimoja kisiwe mara mbili ya kingine. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye kimo cha tatu, kifugie kuku.

Anza na kimo, kwa sababu ukuta unaweza kuusogeza kwenye karatasi lakini paa lina bei yake na upepo wa ziwa una maoni yake. Ukishajua kimo, upana uwe karibu mara moja na nusu ya hicho, kasoro kidogo. Urefu uwe karibu mara mbili, kasoro kidogo. Hiyo "kasoro kidogo" ndiyo kazi yenyewe. Na upime baada ya lipu na dari, kwa sababu hivyo viwili hula nafasi kimyakimya.

Shida ni kwamba huku kwetu watu wanapenda mraba. Fundi akitandika kamba ya fondasio, yaani msingi, kila mpita njia anasimama, anainamisha kichwa, anatoa hukumu. Mraba ukiwa mraba, mwenye nyumba ni mtu wa haki na fundi ana jicho. Ukiwa mrefu upande mmoja, maswali yanaanza. Ni depo ya kuwekea mizigo? Ni darasa? Au jirani amewanyima kipande cha kiwanja?

Aliyenifundisha kazi, Mzee Kashindi, hakuhitaji hata kofi. Alikuwa mtu wa viatu vilivyochongoka na manukato mengi, na mwenye sauti nzito aliyojivunia kama wengine wanavyojivunia ng'ombe. Angesimama kwenye kona ya chumba, mikono nyuma, macho yamefumbwa, akaanza kunguruma kutoka chini kabisa akipanda polepole. Noti inayopendwa na chumba ikifika, sauti yake ilivimba ghafla.

"Umesikia?" angeniuliza. "Chumba kimetaja jina lake."

Jaribuni bafuni, mtaona. Lakini mwambieni mwenye nyumba kwanza. Kule Makobola mke wa mteja mmoja alirudi kutoka shamba akamkuta Mzee Kashindi kwenye kona ya chumba cha kulala, ananguruma peke yake. Akakimbia kumwita mchungaji. Mchungaji alipofika na watu wake, Mzee Kashindi aliinua kidole kimoja kuwaomba wasubiri, akamaliza kunguruma, akaniambia niandike. Kisha akapiga magoti aombewe. "Maombi hayajawahi kuharibu vipimo," aliniambia njiani.

Naye ndiye aliyenipeleka Kamanyola, kurekebisha chumba cha redio kilichojengwa mraba kamili. Mtangazaji alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti nyembamba, lakini chumba kilikuwa kimempa sauti ya mzee wa ukoo. Tukahamisha ukuta mmoja wa mbao, tukavunja ule usawa. Redio ikasikika vizuri kabisa, na simu zikaanza kuingia zikiuliza yule papa amekwenda wapi na mtoto huyu ametoka wapi. Kijana akatufuata hadi kwenye gari. "Bazee, murudishe ule ukuta," alisihi. "Muchumba wangu alipendaka ile sauti ingine!" Mzee Kashindi akampa chupa yake ya manukato kama pole.

Sasa niwaeleze chumba cha Papa Wilondja, maana humo nilijifunza jambo ambalo vitabu vyangu vyote vililiacha.

Papa Wilondja alikuwa fundi mitambo wa meli za ziwani. Alistaafu akiwa na masanduku ya bati yaliyojaa santuri za rumba. Kila mara tulipolazimika kukimbia mji, yeye alikimbia na masanduku hayo. Sufuria zilibebwa na mke wake, Mama Riziki, na Mama Riziki hajasahau. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na kiwanja kimoja kilichobaki. Papa Wilondja alikitaka kwa chumba cha muziki. Mama Riziki, ambaye anauza kwa jumla ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikitaka kwa depo.

Siku niliyofika na kamba yangu ya kupimia, alinipokea Mama Riziki.

"Injenyeri, karibu. Weye njo unakuya kujengea disiki nyumba?"

"Ndiyo, mama."

"Ndagala zangu zinalala inje, mvua inazikuta. Disiki zinalala mu-nyumba. Kati ya ndagala na disiki, nini inakulishaka weye?"

"Ndagala, mama."

"Andika ile mu plan yako."

Papa Wilondja akakohoa. Mama Riziki akaketi juu ya gunia, akatoa uamuzi wake, na tangu hapo kazi yangu ikawa na hakimu. "Mujenge. Siku kazi itaisha, nitaingia. Nikisikia kitu chenye sijasikiaka kwa radio yangu ya jikoni, chumba ni yake. Nisiposikia kitu, kesho yake naingiza ndagala."

"Tumekubali," Papa Wilondja akasema kabla sijafungua mdomo. Watu wa mitambo wana imani ya ajabu kwa watu wa vyuo.

Nikaanza na kimo: mita mbili na tisini chini ya dari. Papa Wilondja alitaka nne, kama nyumba za wakubwa, mpaka nilipomwambia upana utakuwa mita tano na zaidi, na mke wake alikuwa anasikiliza. Kutoka kwenye kimo nikapata upana wa mita nne na sentimita sita, na urefu wa tano na hamsini. Nikampa karatasi Fundi Safari, mwashi wetu, mtu mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua la saa saba.

"Mita ine naelewa," alisema. "Hizi santimetre sita ni za nani?"

"Za sauti."

"Sauti inapitaka mu santimetre sita?"

"Fundi, ni uwiano."

"Minye naweka ine. Zile sita tutaachia mutoto wao Riziki kama urithi."

Majirani walikuwa wamekwisha kujipanga kando ya kamba. "Papa Wilondja, unajenga korido?" mmoja aliuliza. "Hapana," mwingine akamjibu, "ni ya kufundishia nyoka kutembea." Fundi Safari akanitazama kwa huzuni. Jina lake ndilo lililokuwa likichekwa, si langu. Nikagombania zile sentimita sita alasiri nzima, nikashinda, nikarudi nyumbani nikijisikia profesa. Baada ya lipu nikapima tena. Zilikuwa zimebaki mbili. Nikapiga kofi, nikasikiliza, na chumba hakikuwa na malalamiko yoyote. Basi shikeni hili: kimbieni vipimo vinavyolingana na vinavyozidishana mara mbili, lakini msipoteze rafiki kwa ajili ya upana wa kiganja.

Joto ndilo lililonipa somo la pili. Vitabu vyangu viliandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi, nao wanasema ziba kila tundu. Nikaziba. Matofali mazito ya Katogota, mlango wa tabaka mbili za mbao za mti ulioshushwa kutoka milima ya juu, dari ya triplex, zile mbao nyembamba za kugandishwa, iliyolaliwa na sponji za magodoro makuukuu ili mvua isipige ngoma juu ya mabati. Dirisha sikuweka. Papa Wilondja aliingia, akafunga mlango, akatoka baada ya muda mfupi shati limemganda mgongoni.

"Injenyeri, ndani ya mashini ya meli kulikuwa baridi kuliko hapa."

Tukatoboa dirisha upande wa ziwa, na ninawaambia kwa furaha kwamba dirisha lililo wazi ni ukuta usiorudisha kitu. Besi inatoka kupitia hapo, inaenda zake ziwani, haigeuki. Tukaweka pazia la kitenge lililokunjwa mara mbili, tukasambaza mikeka, na kazi ikaisha.

Ikabaki kiti. Katikati ya chumba usikae, kwa sababu hapo noti fulani nzito zinazimika kabisa. Ukiegemea ukuta wa nyuma, besi yote inakurundikia kichwani. Pima urefu wa chumba kutoka nyuma, uje mbele kidogo zaidi ya theluthi moja, na katikati ya kulia na kushoto. Tulichora msalaba wa chaki hapo, tukaweka kiti kimoja cha mbao chenye mikono. Spika mbili mbele. Betri za jua zilijaa. Papa Wilondja akaketi, nikashusha sindano.

Baada ya muda akaanza kucheka, akinyoosha kidole hewani. "Gitaa ya pili iko pale! Miaka yote ilikuwa imejificha mugongoni mwa ile ya kwanza. Muone, muone!" Kisha akafuta macho akasema, "Sasa aitwe yule mama."

Mama Riziki alikuja Jumapili baada ya ibada. Hakuja peke yake. Alikuja na wauza ndagala wenzake, waimbaji wa kanisa la jirani wakiwa bado na mavazi yao, dada yake mwenye mtoto mgongoni, na mzee wa nyumba ya tatu aliyebeba kigoda chake.

"Mama," nikamnong'oneza, "chumba hiki ni cha mtu mmoja."

"Mutu moja?" alisema kwa sauti ya sokoni. "Weye ulisomea wapi? Mutu anajifungia mu-nyumba, anasikiliya muziki peke yake. Batu batasema nini? Batasema ni muchawi, ao bibi yake amemufukuza!"

Wakaingia wote. Hapo nikajua nilichokuwa nimesahau kupima. Mtu mmoja, kwa upande wa sauti, ni godoro linalotembea. Na wale walikuwa magodoro ya Jumapili, yenye vitenge viwili viwili na vilemba vikubwa. Kila kilichokuwa kikali na safi katika muziki kilizama ndani ya nguo zao. Mtoto akalia. Joto likapanda. Mzee wa kigoda alikaa mbele kabisa ya spika ya kushoto, akaifunika kwa mgongo wake. Papa Wilondja aliweka santuri waliyoichezea siku ya ndoa yao, na ikasikika kama mtu anayeimba chini ya blanketi. Mama Riziki alikuwa juu ya kiti, juu ya msalaba wangu wa chaki, akijipepea kwa jalada la santuri ile. Mumewe aliangalia jalada likipinda.

"Haya," mmoja wa wauza ndagala akasema. "Unasikia nini, dada?"

"Nasikia joto." Wote wakacheka. "Iko sawa tu na radio yangu. Ata ile ya jikoni iko na nguvu kuliko hii."

Nikaanza kueleza. Nilitaja nguo, nilitaja miili, nadhani nilitaja hata uwiano. Mwimbaji mmoja akanigusa bega kwa upole. "Injenyeri, fungua kwanza mulango."

Wakatoka kwenda kula uani, na Papa Wilondja, kama mwenye nyumba, akatoka kuwahudumia waliokuwa wamemnyang'anya chumba. Aligawa soda akitabasamu. Mimi nilisimama karibu na mlango na sahani ya wali. Ndani alibaki Mama Riziki peke yake na fagio. Alitaka sakafu iwe tayari kwa magunia ya asubuhi. Hakuna aliyekumbuka kuzima mashine. Santuri ilikuwa bado inaendelea.

Nilisikia fagio likienda, likienda. Kisha likasimama.

"Baba Riziki!" sauti ikatoka ndani. "Kuya hapa. Mbio!"

Tuliingia wote wawili. Alikuwa amesimama kando ya kiti, fagio mkononi, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Nani anagonga muguu?"

"Muguu gani?"

"Nyamaza, sikiliya. Pale, kushoto, chini. Mutu anagonga muguu."

Papa Wilondja akasikiliza. "Njo ule wa gitaa," alisema taratibu. "Anajihesabia."

"Tulicheza hii disiki siku ya ndoa yetu."

"Ndiyo."

"Minye nacheza na viatu vya kuazima, vidole vinauma, kumbe na huyu mutu alikuwa mule ndani anagonga muguu na sisi? Na haukuniambia?"

"Na minye sikumujuaka. Nimemusikia juzi tu, humu."

Mama Riziki akaliegemeza fagio ukutani. Akakaa kwenye kiti polepole, kama mtu anayejaribu maji kwa mguu. "Rudisha pa mwanzo," akasema. Kule uani wageni walianza kumwita. Mguu ule ulipoanza tena, wa kwake nao ukaanza kugonga mkekani.

Santuri ilipokwisha akasimama. "Nilisema nikisikia kitu sijasikiaka, chumba ni yake. Nimesikia."

Papa Wilondja alinikumbatia mpaka miwani yangu ikaanguka.

"Lakini," akaendelea Mama Riziki, "sikusema nani atakaliaka kiti."

Nilipita kwao wiki iliyopita. Ndagala zimehamia sebuleni, juu ya mbao safi, mbali na mvua. Papa Wilondja anapokea wageni wake katikati ya magunia, na suti yake ya kanisani inajulikana kwa harufu kabla haijaonekana. Saa ile Mama Riziki, mwenye chumba sasa, anaporudi kutoka ufukweni, ananawa, anaingia chumba cha muziki, anakaa juu ya msalaba wa chaki. Mumewe anabadilisha santuri, kisha anakaa kwenye kigoda kule nyuma, mlangoni, mgongo ukutani. Ni mahali pabaya kuliko pote katika chumba kizima, na ni mimi niliyempimia ukuta huo.

"Injenyeri," alinilalamikia, "huku besi yote inanipanda kichwani."

"Songa mbele kidogo, papa."

"Nikisonga anasema namuzibia ule wa gitaa."

Basi, vijana wangu, kimo kwanza, halafu upana, halafu urefu, vyote vikwepane. Lakini kabla ya kimo, keti na watu wa nyumba yako muulizane nani atakalia kiti, na wangapi watamsindikiza. Kama ni wengi, ongezeni urefu na upana mapema, mkiwa bado kwenye karatasi. Siku hiyo, tukiwa mlangoni, nilimwambia Papa Wilondja kwamba tungeweza kuvunja ukuta wa nyuma tukamtafutia nafasi. Alitazama ndani, akamtazama mke wake aliyefumba macho huku mguu unagonga, akatikisa kichwa.

Tulikuwa tunanong'ona, lakini chumba kile kinasikika vizuri.

"Nyinyi bawili!" Mama Riziki akasema bila kufumbua macho. "Mulango."

Tukaufunga, sisi tukiwa nje. Papa Wilondja akaweka sikio kwenye mbao, nami nikaweka langu zuri, la kushoto. Mlango ule niliutengeneza vizuri sana. Hatukusikia kitu.